Nilivyotengeneza wood filler ya kuziba matundu kumi na moja kwenye mahari ya mke wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo siufuti. Yote mtakayosoma yametokea nyumbani kwangu, Wambaa, Pemba, na mwenye kitanda ameshausoma kabla yenu akanipa ruhusa niuweke. Mkifika chini mtaelewa kwa nini nimeanza na habari ya ruhusa.

Mie ni fundi seremala. Milango, madirisha, makabati, vitanda. Kazi yangu watu wanaisifu, ahadi zangu hawazisifu. Mafundi wenzangu humu mnajua tunavyoishi. Mteja akija unamwambia njoo kesho. Akija kesho unamwambia vanishi bado haijakauka, na ubao wenyewe hata randa haujaiona. Mchezo huo mie nilikuwa bingwa.

Kitu kimoja tu maishani mwangu nilikimaliza siku ile ile niliyosema. Kitanda cha Raya.

Raya ni mke wangu. Nilipopeleka posa kwao Gando, jibu lilirudi kwamba amekubali na mahari yake anataka kitanda. Si pesa ya kitanda. Kitanda chenyewe, na mposaji akiunde kwa mkono wake. Kwetu kuweka kitanda kwenye mahari ni jambo la kawaida, ila wengi wananunua tu dukani wanamaliza.

Nikakata mfenesi uliokuwa kiungani kwetu, nikapasua mbao, nikazikausha, nikaunda. Kichwa cha kitanda ni ubao mmoja mpana, katikati nimechonga ua. Siku ya kukabidhi ilipofika kitanda kilikuwa tayari na vanishi imekauka. Hata mama yangu alishangaa.

Kwa wasioujua mfenesi: ukiupasua leo, ubao ni wa njano kabisa, utadhani umepakwa manjano. Miaka ikipita unaiva, unakuwa kahawia iliyokolea. Liwekeni hilo akilini, mbele huko lilinitoa jasho.

Sasa kosa.

Mwaka wa saba wa ndoa tulikuwa tunapaka chokaa chumbani. Nikakifungua kitanda, kichwa chake nikakiegemeza ukumbini. Siku hiyo hiyo kuna mteja alikuwa ananisubiri nimtobolee fremu za madirisha, na meza yangu ya kazi ilikuwa na mguu mbovu, ule niliosema nitautengeneza kesho.

Nikatazama huku na huku, nikaona ubao mpana, umenyooka, umeegemea ukuta.

Nikaulaza chini. Nikapanga fremu juu yake. Nikawasha drili.

Kila nilipotoboa, ncha ilipita fremu ikaingia kwenye kichwa cha kitanda. Sitaki kuwadanganya kwamba sikujua. Nilijua toka tundu la kwanza. Nilisema moyoni nitaziba, nikaendelea. Jumla matundu kumi na moja, kila moja linaingia ncha ya kidole cha mwisho. Hakuna lililotokea upande wa pili, nafuu yangu ndiyo hiyo tu.

Raya alikuwa kwa jirani. Aliporudi akasimama pale, akayatazama. Nikamwambia, "Kesho naziba."

Akachukua kanga, akaifunika juu ya matundu, tukakifunga kitanda tukalala.

Kanga ile ilikaa pale miezi minane.

Siku moja akaja mama mkwe, Bi Mize, kututembelea. Mgeni kama yule huwezi kumlaza ukumbini, tukamwachia chumba chetu. Asubuhi nimekaa na chai yangu na mkate wa kumimina, namwona Bi Mize anatoka na kanga mkononi. Ameikunja vizuri.

"Mwanangu," akaniambia, "mahari ya Raya imepatwa na nini?"

"Kazi ndogo tu ile, Mama. Kesho naiziba."

Bi Mize akaiweka kanga mbele yangu. Aliyeniuliza ni Raya, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza sukari iko wapi. "Kitanda kile cha nani?"

"Chetu," nikasema.

Akaweka kikombe chini. Mchana wakaondoka wote wawili, kwenda Gando. Alichukua nguo zake na mto wake.

Mto, wakuu. Mwanamke akiondoka na nguo unaweza kujidanganya kwamba anakwenda kutembea. Akibeba na mto anakwenda kulala huko. Na watoto hatujajaaliwa, kwa hiyo nyumba ikabaki na mie na kitanda chenye matundu.

Wiki nzima nikangoja arudi. Hakurudi. Nikapiga simu, akapokea Bi Mize. "Raya hajambo. Anasema maneno ya simu hataki kuyasikia. Ulichokianza kimalize, ndiyo uje."

Nilikuwa nimeumia na nilikuwa nimeona aibu, sitaki kuficha. Nikajiapia: kitanda hiki nakirudisha kilivyokuwa, na mke wangu anarudi. Hata nikitoboka mie.

Nikaanza na madukani. Mji wa Mkoani sikupata kitu, Chake Chake nikapata kopo moja la wood filler. Nikaijaribu kwenye kipande cha mbao. Ilikauka ikawa nyeupe yenye wekundu kidogo, nikipaka vanishi juu inaonekana kama plasta kwenye kidonda. Nikaiweka kabatini, ipo mpaka leo, anayeitaka aje aichukue.

Basi nikasema natengeneza mwenyewe. Kila fundi anaijua fomula: vumbi la mbao na gundi nyeupe. Nikazoa vumbi la mfenesi bandani kwangu, nikachanganya na gundi, nikajaza matundu yote kumi na moja kwa pupa. Asubuhi nikapiga msasa.

Njano tupu. Kichwa cha kitanda kikawa kama mtoto mwenye tetekuwanga. Vumbi lilikuwa la mfenesi mbichi, kitanda ni mfenesi wa miaka saba. Na gundi niliimimina nyingi, kwa hiyo vanishi ikakataa kushika pale, ikateleza pembeni. Nikachukua patasi nyembamba nikayachokoa yote.

Hapo ndipo nikafanya ujinga ambao nadhani duniani umefanywa na Mpemba mmoja tu, mie.

Nina ami yangu, Ami Faki, mdogo wake marehemu baba. Anaunda vyombo vya baharini pwani hapa hapa Wambaa. Nikamwendea na shida yangu. Akacheka, akasema, "Yakhe, sie chombo twakiziba kwa chokaa na sifa, bahari nzima haipenyi, seuze tundu la kitanda."

Sifa, kwa msioijua, ni mafuta ya ini la papa.

Akanipa kwenye kopo. Nikachanganya na chokaa na vumbi kidogo, nikakanda, nikajaza matundu matatu kwa majaribio. Ikashika vizuri sana, hilo simnyimi Ami Faki haki yake. Lakini harufu. Chumba kizima kikanuka kama mnada wa samaki, na paka wa jirani wakaja kukaa dirishani wanalia. Nikajiwazia Raya anarudi, anafungua mlango wa chumba chake, anakutana na papa.

Nilipomlalamikia Ami Faki alinijibu kwamba chombo hakina pua.

Nikachokoa tena. Lakini mafuta yalishaingia ndani ya ubao. Nikajaribu kurudia gundi kwenye yale matatu, ikakauka, nikaigusa kwa kucha, ikatoka nzima nzima kama kizibo. Gundi na mafuta havikai pamoja. Fundi wa miaka kumi na tano mie, naijua hiyo, na bado nikafanya. Haraka ya kumrudisha mtu inakutoa akili.

Ikabidi nisafishe kwa spiriti na pamba, tena na tena, na mchana natoa kichwa cha kitanda nje kwenye jua. Siku nne. Majirani wanapita wanaulizana fundi anaanika kitanda kwa nini, karafuu zake ziko wapi.

Harufu ikaisha. Ikabaki rangi.

Nikahitaji vumbi la mfenesi mkongwe. Mzee mmoja akanipa ubao wa mlango wa jiko, mfenesi kweli, lakini ulikuwa umekula moshi miaka mingi, vumbi lake jeusi. Nikajaribu kutia maji ya chai yaliyokolea kwenye vumbi la njano, likawa na madoa madoa. Nikajaribu kahawa. Afadhali ningeinywa.

Ndipo nikakumbuka miguu ya kitanda chenyewe. Kwa ndani, upande usioonekana, sikupaka vanishi. Ni mti ule ule, umri ule ule, umeiva sawasawa na kichwa chake. Nikikwangua pale kidogo napata unga wa rangi ile ile haswa.

Nikakaa chini sakafuni na msasa mkononi. Nikauweka kwenye mguu.

Wakuu, mkono ulikataa. Nilisikia swali la Raya kama yuko jikoni. Kitanda kile cha nani?

Muda wote ule nilidhani kosa langu ni kesho, kesho. Nilikuwa namwandalia sapraizi, arudi akute mambo mazuri. Sapraizi gani? Nilikuwa naingia kwenye mali ya mtu mara ya pili bila hodi, safari hii na nia njema. Mara ya kwanza nilitoboa bila kumuuliza, sasa nakwangua bila kumuuliza.

Najua kuna watakaokuja hapa na hoja ya mke na mume ni kitu kimoja. Sibishani nanyi. Lakini kwetu mahari ni ya mwanamke, si ya nyumba wala ya mume. Akitaka kukigeuza kuni apikie wali, mume hana la kusema. Hiyo naijua toka chuo cha Kurani, na nilipoulizwa nikajibu "chetu".

Kesho yake, Jumamosi, nikapanda gari mbili mpaka Gando.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Nikawakuta Bi Mize na Raya uani, wamekaa kwenye jamvi wanachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Nikatoa salamu, nikaitikiwa. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Bi Mize akanisogezea pakacha moja lililojaa.

Nikavua viatu, nikakaa, nikachambua. Si kuchambua kwa kuonyesha, kuchambua haswa, mpaka pakacha likaisha na vidole vikawa vinanuka karafuu. Likaja la pili. Nikachambua la pili.

Lilipokwisha nikasema nilichokuja nacho.

"Raya, nimekuja kuomba ruhusa. Nataka kukwangua mguu wa kitanda chako, kwa ndani, nipate unga wa kuzibia yale matundu. Usiponiruhusu sikigusi."

Hakuinua kichwa. "Umesema kitanda cha nani?"

"Chako."

Akaendelea na karafuu zake. Nilihesabu vikonyo sita alivyovitupa kabla hajasema.

"Mguu mmoja. Wa nyuma, unaoelekea ukutani. Ijumaa nakuja kutazama. Nikilisikia neno kesho, gari itakayonileta ndiyo itakayonirudisha."

Nikasema sawa. Nikapewa muhogo wa nazi nikala, nikaondoka.

Nilipofika Wambaa nikafunga banda. Mteja wa kabati akaja, nikamwambia ukweli: sijaanza, ntaanza Jumatatu, si hii, ile inayofuata. Alinitazama kama naumwa. Hajazoea kusikia siku kutoka kwangu.

Sasa mafundi sogeeni, hii ndiyo sehemu yenu.

Jumapili nikakwangua ule mguu mmoja kwa msasa mlaini, nimetandika gazeti chini. Msasa wa kukwaruza sana unatoa punje, nazo zinaonekana baadaye. Unga nikauchekecha kwenye kipande cha mtandio chakavu. Uliopita ukawa laini kama dalasini ya dukani, na rangi yake ndiyo ile ile.

Gundi kidogo sana. Weka unga kwenye kigae, tia gundi tone tone, kanda kwa kisu cha mezani mpaka ikamatane kama tende iliyopondwa. Ikiteleza, gundi imezidi. Ikimeguka, ongeza tone. Changanya ya tundu moja au mawili tu kwa wakati, inakauka haraka.

Mie nilianza kwa kuharibu. Mkandiko wa kwanza gundi ilizidi, nikautupa. Iliniuma, maana unga ule haukuwa wa kuokota bandani.

Matundu yangu yalikuwa na kina, na ukijaza mara moja juu panakauka na chini pabichi, kisha panabonyea. Jumatatu nikajaza nusu, nikashindilia kwa kijiti. Jumanne mvua ikanyesha kutwa, hewa yote maji, nikaigusa bado laini. Fundi yule wa zamani angesema imekauka hii. Nikaiacha. Jumatano mchana ikawa ngumu kama mti, nikajaza tabaka la pili, nikaliacha limetuna kidogo juu ya ubao, kwa sababu likikauka linanywea.

Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Nafika la kumi, kigae kimebaki kitupu. La kumi na moja lilikuwa na nusu yake tu ya Jumatatu.

Unga umekwisha. Ule niliouharibu mwanzo ndio uliokuwa wake.

Ule mguu mmoja nilishaukwangua mpaka nikakutana na njano, ndani hapajaiva. Mguu wa pili uko pembeni yake, urefu wa mkono tu, upande wa ndani, hakuna anayepaona. Dakika tano tu.

Nikapiga simu Gando. Haikupokelewa. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

Nikauweka msasa juu ya dirisha ili usiwe karibu na mkono wangu. Alhamisi nikapiga msasa matundu kumi, kufuata mkondo wa mti, nikapaka vanishi kwa kitambaa. Wakuu, nilipatafuta mwenyewe nilipoziba nikawa sipaoni. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ilikuwa na tundu moja wazi, upande wa kulia, chini ya ua.

Ijumaa baada ya sala wakaja. Raya na Bi Mize. Raya akaingia chumbani moja kwa moja, akapitisha kiganja kwenye kichwa cha kitanda, polepole, toka kushoto. Hakuna kitu kilichomkwaza. Akafika kulia, kidole kikaingia.

Akageuka. "Na hili? Kesho?"

"Hapana. Unga umekwisha. Ulinipa mguu mmoja. Wa pili hukunipa."

Raya akainama, akachungulia nyuma ya kitanda. Akapapasa mguu wa ukutani, ule niliokwangua. Akapapasa na wa pili. Mzima, haujaguswa.

Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji, na yangu pia, sioni haya kusema. Bi Mize alikuwa mlangoni, akasema anakwenda kutazama chai, na jikoni hakukuwa na chai.

"Nikiruhusu wa pili utaliziba leo?" Raya akauliza.

"Leo naanza. Jumapili adhuhuri limekauka."

Akafikiri. "Liache," akasema. "Liache kama lilivyo. Huo ndio upande unaolala wewe."

Akatoka mpaka ukumbini, akafungua mfuko wake, akarudi na mto. Akauweka kushoto.

Ndiyo hivyo wakuu.

Nilichojifunza cha ufundi nimeshakiandika juu: unga wa mti ule ule na wa umri ule ule, gundi ya kuhesabu matone, mafuta yasiguse ubao, tundu la kina lijazwe mara mbili, na lisipokauka halijakauka hata kama mteja yuko mlangoni. Cha nyumbani ni kwamba mwenye kitu anaulizwa kabla, hata kama unakwenda kumtengenezea, hata kama unalala juu yake.

Meza yangu ya kazi ina mguu mpya. Kabati la yule mteja lilianza Jumatatu ile niliyomtajia.

Mafundi wa mninga na mvule, semeni nyie rangi mnaipataje, maana huko sijafika. Na wenye ndoa, kama kuna kitu mmefunika kanga nyumbani, andikeni hapo chini, mie sina wa kumcheka. Raya atasoma majibu, simu anayo yeye saa hizi. Nilimuomba niweke na picha ya kitanda, amekataa, kwa hiyo picha haipo.